Mwaka Nilioangusha Mabomba

Wiki ile Fundi Byamungu alipofariki kule Kakuma, nilikuwa na barua mezani kutoka chuo kimoja hapa Lodwar. Walitaka nikaongee na wanafunzi wao wanaomaliza, na mada waliyonipa ilikuwa jinsi ya kupata kazi unayoipenda. Barua ilinisifu kweli kweli. Ilisema mimi ni mfano mwema, mwanamke aliyeshika spana ya visima wakati wanaume wenyewe walikuwa wanaikimbia, na kwamba vijana wangetiwa moyo wakisikia nilivyoanza. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikacheka peke yangu, kisha simu ikalia. Alikuwa Furaha, binti yake Byamungu. "Mama Akai," akasema, "papa ametuacha hii asubuhi." Nikakaa chini. Nilikaa kwa muda mrefu barua mkono huu, simu mkono huu, na aibu ikanipanda kama siku ile ya kwanza, maana huyo aliyelala Kakuma ndiye aliyejua kwa hakika nilivyoanza, na hakukuwa na lolote pale la kumtia mtu moyo.

Sitaanza na nilikozaliwa wala ni mbuzi wangapi waliuzwa nipate karo. Hayo yanafanana na ya kila mtu wa hapa aliyevaa viatu. Nitaanza na chumba. Ilikuwa kabla kaunti haijaja, nilipokuwa na miaka ishirini na minne na cheti cha ukarani, na shirika moja lililoshughulika na maji lilinipa meza katika chumba chake cha nyuma. Mabati juu, sakafu ya simiti, dirisha moja linalotazama benchi ambapo watu wa vijijini hungoja kuonwa. Palikuwa na feni iliyogeuza shingo upande huu na upande ule lakini upepo wake haukuwahi kunifikia. Ukutani kulikuwa na kabati la mafaili, kila kisima na faili lake na namba yake, na kazi yangu ilikuwa kuyapanga, kuyafuta vumbi, kutaipu barua za kuyahusu, na kuyapanga tena. Sikuwa nimewahi kuona hata kimoja cha visima vile. Saa saba nilikwenda kula maharagwe na chapati kwenye hoteli moja nyuma ya steji, nikitafuna na mchanga wake, kisha nikarudi kutaipu. Jioni nililala kitandani na nguo zangu za kazi. Nilikuwa naamka asubuhi nikitamani kuugua, si ugonjwa wa kuua, ila wa kunilaza wiki mbili hivi mtu asiniulize neno.

Jambo baya zaidi ni kwamba kila mtu aliniambia nina bahati. Niliwasikia akina mama wa chumba cha pili, waliofanya usafi na kupika chai, wakinisema kupitia ukuta wa mbao. "Akai ametulia," mmoja alisema. "Hana maneno. Atafika mbali." Mwenzake akajibu, "Na kazi ya kivulini, mama! Sisi tungezaliwa na akili hiyo." Nilikuwa nimeegemea kabati upande wa pili, faili la kisima mkononi, na nikajiambia kwamba utulivu wanaousifia ni wa maiti. Kazi mbi si mchezo mwema, wahenga walisema, nami nilijua vizuri kwamba nje ya lango lile kulikuwa na mia waliokuwa tayari kukalia kiti changu. Kwa hiyo hata kulalamika nilijinyima. Nilikuwa nalia chooni, nanawa uso, narudi mezani. Vijana wa siku hizi wangesema sina pasheni. Mimi sikuwa na jina la kile nilichokosa, nilijua tu kwamba nilikuwa nakufa kidogo kidogo na watu wananipongeza.

Mwezi wa nne karani aliyekuwa akifuatana na kikosi cha ufundi alikwenda kwao likizo. Madam, mkubwa wetu, mama kutoka Kenya, kama tunavyowaita hapa watu wa bara, utadhani sisi tuko nchi nyingine, aliniita akaniambia nitakwenda Kakuma wiki mbili kujaza fomu. "Utaandika tu wanachokuambia," akasema. Hivyo ndivyo nilivyokutana na Fundi Byamungu. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kofia ya sufi hata kwenye jua lile, mkimbizi kutoka pande za Bukavu, na kabla ya vita alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha sukari. Kwa kuwa alikuwa mkimbizi hakuweza kuajiriwa kama sisi. Aliitwa mtu wa kujitolea, akapewa kidogo cha kumshukuru, na hapo hapo yeye ndiye aliyewafundisha mafundi wote walioajiriwa. Kabla hajafungua pampu yoyote alikuwa na desturi moja: alimwomba mtu apige mpini polepole, naye akapiga magoti, akaweka sikio kwenye chuma, akafumba macho.

Siku ya pili aliniona nimesimama na fomu zangu nikimtazama. "Weye karani, kuya hapa," akaniita. "Weka sikio. Iko inasema nini?" Nikaweka sikio. Chuma kilikuwa cha moto. Mle ndani mbali nilisikia maji yakipanda, kisha kitu kama mzee anayesafisha koo, kisha maji yakishuka. Nikasema inakohoa. Byamungu alifungua macho akanitazama kama mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea. "Njo vile!" akasema, maana njo ya kwao ni ndiyo ya kwetu. "Inakohoa. Mupira ya chini imeisha." Walipovuta mabomba na kufika chini, mpira ulikuwa umelika upande mmoja, nami nikaupitisha kidole pale palipolika. Miaka miwili nilikuwa nimeulizwa kilichoandikwa. Hakuna aliyewahi kuniuliza nasikia nini.

Wiki mbili zikawa miezi miwili, maana yule karani hakurudi na Madam hakuona haja ya kuharakisha. Fomu nilizijaza kwa dakika kumi, saa zilizobaki nikawa mikononi mwa Byamungu. Nilijifunza majina ya spana, nilijifunza kupaka grisi, nilijifunza kubeba bomba begani bila kuuma meno. Mchana tulikula kwake, ndani ya kambi, nyumba ya udongo yenye ua wa miiba ambamo mkewe, Mama Furaha, alikuwa amepanda mihogo akiinywesha maji ya kuogea. Mahindi ya mgao aliyafanya bugali, majani ya mihogo akayatwanga kuwa sombe, na tulikula tukiwa tumekaa kwenye mkeka, mimi, Byamungu, Furaha aliyekuwa mdogo bado, na Abdi dereva wetu, Msomali wa pale pale Kakuma, ambaye kila siku alisema majani si chakula cha binadamu na kila siku alimaliza sahani. "Kula, Akai," Mama Furaha alinihimiza. "Mwanamuke haishike chuma na tumbo ya bure." Nami nilikula. Nilikuwa nimesahau kwamba chakula kina ladha. Nilirudi nikanawa mikono iliyojaa grisi na sikutaka itoke yote.

Sasa nifike nisikotaka kufika. Kulikuwa na kijiji upande wa magharibi wa Kakuma, mwendo wa saa mbili kwa gari. Jina lake sitalitaja kwa heshima ya walioteseka pale kwa sababu yangu. Kilikuwa na pampu moja tu. Bila hiyo ni kuchimba mchanga wa laga, ule mto mkavu, mtu anashuka shimo la urefu wake mara mbili na kikombe. Ilikuwa mwezi wa sita. Pampu yao ilikuwa inakohoa, tukaenda kubadilisha mpira, na asubuhi ile Byamungu akaniambia, "Leo weye njo utashika kibano." Niseme kibano ni nini. Mabomba ya kisima yananing'inia ndani ya shimo, moja limefungwa kwa jingine, na pale yalikuwa kumi na tisa. Ukiyatoa, watu wanne wanayanyanyua kwa vishikio, na mtu wa tano anakaa mdomoni mwa shimo na chuma chenye mpini kinachoyauma mabomba shingoni. Wanaponyanyua, yeye anafungua. Wanapofika kikomo, yeye anakandamiza kwa mikono miwili, kibano kinafunga, wao wanapumzika. Uzito wote wa kisima unakuwa mkononi mwake. Byamungu hakumpa kila mtu kibano. Nilikipokea kama mtu anayekabidhiwa mtoto.

Tulitoa bomba la kwanza, tukatoa la pili. Akina mama walikuwa wamekusanyika na madumu yao wakitazama binti wa Kiturkana akiwa na ovaroli, wanacheka, wanaambizana maneno. Mmoja wao, bibi mrefu aliyekonda, shanga mpaka kidevuni, alifurahi kupita kiasi. Jina lake Mama Akiru. Alinijia moja kwa moja mbele ya watu wote, akanyoosha mkono. "Ejok," akanisalimu. Wageni hawawezi kujua mkono ule una maana gani. Kwetu mzee akikunyooshea mkono ukauacha hewani, umemwambia yeye si mtu. Nililijua hilo kabla sijalijua jina langu. Wale wanne walikuwa wamenyanyua, bomba linapita katika kibano kilicho wazi, na mkono wangu wa kulia ukaondoka kwenye mpini wenyewe, bila kuniuliza. Nikamshika. Nikasema, "Ejok-noi." Kibano kikagonga bila kufunga. Wanaume waliposikia chuma kikigonga wakadhani nimeshafunga, wakalegeza.

Yalikwenda. Mabomba kumi na saba, na fimbo zake, na ule mpira uliolika ambao hatukuwa tumeufikia. Yalitoa mlio wa kukwaruza ambao ulianza mkubwa ukawa mdogo, kisha kishindo huko chini, kisha maji yakatikisika mbali sana, kisha kimya. Nilitazama shimo. Nikatazama mkono wangu, na mkono wa Mama Akiru ulikuwa bado ndani yake. Byamungu alivua kofia yake, akapiga magoti, akaweka sikio kwenye mdomo wa shimo, akakaa hivyo kwa muda mrefu. Alipoinuka hakunitazama. "Tutavua," akasema.

Kuvua ndivyo mafundi wanavyoita. Unashusha ndoana ya chuma kwa kamba, unapapasa gizani, unaomba Mungu ishike. Tulivua siku tatu. Siku ya pili ilishika, tukavuta kiasi cha urefu wa mtu, watu wakaanza kushangilia, ikateleza. Siku ya tatu kamba ilitoka tupu kila mara mpaka viganja vyetu vikachubuka. Abdi alikuwa ameegemea gari. "Walahi, hii mambo imeisha," akasema kwa sauti ya chini. "Akai, kubali tu. Imeisha." Tukapakia vyombo. Akina mama walikuwa wameshayainua madumu yao na kuelekea laga, na hakuna hata mmoja aliyenitukana, nami ningelipa chochote nitukanwe. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya hayakuwa methali, yalikuwa maji ya watu.

Nilirudishwa Lodwar. Madam hakunikemea. "Ajali ya kazi," akasema, akanionyesha kiti changu. Feni ikaendelea kugeuza shingo. Kama kabla ya hapo nilikuwa nakufa kidogo kidogo, sasa nilikuwa nimeonja uhai nikauangusha mwenyewe shimoni, na mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Sikula. Nilipofumba macho nilisikia ule mkwaruzo. Mwezi wa nane Madam aliniita akanipa habari mbili kwa pamoja. Ya kwanza, nimepandishwa, nitaajiriwa kwa kudumu kama karani mkuu, nisaini Ijumaa. Ya pili ilikuwa ndogo tu: "Taipu barua tufunge faili ya kile kisima. Hatuwezi kuendelea kukihesabu." Nikachukua faili. Nikaketi. Nikaandika tarehe, nikaandika namba ya kisima, nikaandika kwamba baada ya juhudi zote kushindikana.

Nje ya dirisha, kwenye benchi, wanawake wawili walikuwa wanangoja. Walikuwa wamekuja kwa lori la mkaa kuomba kisima chao kitengenezwe, na kwa shanga zao na lafudhi yao nikajua wanatoka wapi. Hawakunijua, sikuwa na ovaroli. Walikuwa wanazungumza kama watu waliochoka kungoja. "Mkono ule wa Mama Akiru," mmoja akasema, "ndio uliomeza maji. Yeye alishika tu, yakaenda." Mwenzake akasema, "Lakini ni mzee wetu." "Mzee, ndiyo. Wewe utampa mtoto wako amsalimie?" Yule wa pili akasema, "Siku hizi yeye mwenyewe anauficha ndani ya shuka. Hata chakula anakula kwa mkono wa kushoto." Vidole vyangu vilikuwa juu ya mashine. Niliinuka nikatoka nje bila viatu, nilikuwa nimevivua chini ya meza, nikasimama mbele yao. Nikawaambia kwa Kiturkana kwamba ni mimi. Mimi ndiye niliyekuwa na kibano, mimi niliachilia, bibi hana kosa. Waliitazama blauzi yangu, wakatazama kalamu niliyokuwa nimeisahau kwenye nywele, wakacheka kwa adabu. "Wewe ni mtu wa ofisi, binti yangu," mkubwa wao akasema. "Kalamu haiangushi bomba."

Nilirudi ndani nikamwambia Madam ninakwenda Kakuma. Alifikiri naomba likizo. Aliponielewa alivua miwani. "Akai, ukitoka kwa hiyo mlango, kiti nitapea mtu mwingine Jumatatu. Unanielewa? Watu wanalilia hiyo kiti." Nilimwelewa vizuri sana. Nilikuwa naogopa. Sitaki mtu yeyote asome hapa aone shujaa. Sikuondoka kwa sababu nilikuwa nimegundua ninachokipenda. Niliondoka kwa sababu kulikuwa na bibi anakula kwa mkono wa kushoto, na hakuna barua niliyoweza kuiandika ya kumrudishia wa kulia.

Kakuma nilipanga chumba kimoja cha mabati karibu na soko, nikaenda kwa Byamungu kila asubuhi kama mdai. Mwanzo alikataa. Shirika limefunga faili, akasema, gari hakuna, na yeye hawezi kutoka nje ya kambi bila karatasi ya ruhusa. Nikaendelea kuja. Mchana mmoja, jua likiwa limewaingiza watu wote ndani, nilikuwa nimelala kwenye mkeka uani nikawasikia yeye na mkewe kupitia ukuta. "Jina yetu iko karibu kutoka," Mama Furaha alikuwa anasema. "Kila juma banaita bantu. Miaka yote hii tunangoja kwenda ng'ambo, na weye unataka kuenda kuvua chuma ya Waturkana? Bakikukamata njiani bila karatasi?" Nilisikia kuku akiparura. Halafu Byamungu akajibu, taratibu, "Miye njo nilimupa kibano." Kesho yake nilimkuta ameketi na chuma cha springi ya lori, anakipasha moto, anakikunja kuwa ndoana ya aina nyingine, yenye ulimi unaoruka na kufunga ukishapita ndani ya bomba. Alitupilia mbali ndoana nne kabla hajaridhika na ya tano.

Abdi alimbembeleza mjomba wake mfanyabiashara, ambaye lori lake lilipita kijiji kile likipeleka unga na sukari, likatuacha pale na kutuchukua likirudi. Byamungu alijitafutia ruhusa kila mara, sijui aliomba vipi. Tulikwenda mara ya kwanza, hakuna. Mara ya pili, hakuna. Mara ya tatu ndoana ilishika, ikavunjika ulimi. Kila tulipokwenda kijiji kilikuwa kimepungua. Wenye mifugo walikuwa wamehama kuelekea milimani, manyatta zimebaki mbavu tupu, na waliobaki walikuwa wale wasioweza kutembea, wazee na walioachwa nao. Mama Akiru alikuwa mmoja wao. Alikaa mbali, mgongo umeegemea ua wa miiba, shuka imekazwa mpaka shingoni. Nilimwendea kila safari. "Ejok, mama," nikasema, nikanyoosha mkono. Alinijibu kwa mdomo. Mkono hakutoa. Nikamwambia kosa ni langu. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemsikia mtoto akijisingizia ili mkubwa asichapwe. Hapo ndipo nilipokata tamaa kabisa. Nilijua kwamba hakuna neno nitakalosema litakaloaminiwa ila maji.

Mwezi wa kumi na moja, siku ya Alhamisi, ilishika. Tulijua imeshika kabla hatujavuta, kamba ilikuwa nzito kwa namna nyingine. Byamungu aliweka sikio kwenye kamba, Mungu wangu, kwenye kamba! Akainua kidole. Tukavuta sisi na Abdi na wazee wanne wenye mikono iliyobaki mifupa, na bomba la kwanza likatokeza kichwa, limejaa kutu. Byamungu akanipa kibano. Sikukitaka. Akakisukuma kifuani mwangu. "Shika," akasema. "Mikono miwili." Nilishika. Mchana kutwa yalipanda moja moja, na watu walipokuja na kunyoosha mikono kunisalimu kwa furaha niliwajibu kwa mdomo bila kuinua macho. Nilisikia mzee mmoja akinung'unika kwamba sina adabu. Kumi na tano. Kumi na sita. La kumi na saba lilipolala mchangani nilikaa chini na mikono yangu haikufunguka. Byamungu alinikunjua vidole kimoja kimoja.

Tulibadilisha mpira, tukarudisha mabomba, jua likiwa limeshainama. Mama Akiru alikuwa pale pale penye ua. Nilinawa, nikamwendea, nikapiga magoti, nikanyoosha mkono, akatikisa kichwa. Basi nikafanya ambalo binti wa Kiturkana hafanyi: niliingiza mkono wangu ndani ya shuka ya mzee, nikautafuta mkono wake wa kulia, nikautoa nje mbele ya watu. Ulikuwa mwepesi sana. Nikamwongoza hadi kwenye pampu, nikauweka kwenye mpini, nikauweka wangu juu yake, tukapiga. Yalitoka mekundu, yakatoka ya njano, yakatoka maji. Aliyatazama yakianguka. Halafu akauondoa mkono wangu, akapiga mwenyewe, akapiga, akapiga, mpaka dumu likafurika na hakutaka kuacha. Hakuna aliyepiga vigelegele. Watu walikuwa wachache mno. Mimi nililia kwa sauti kama mtoto, na katikati ya kulia nikajua kwamba sitarudi kwenye kiti chochote. Wakiniuliza vijana ni saa gani nilijua, ni saa ile, na haikuwa saa ya furaha. Byamungu alikuwa amekaa juu ya sanduku la spana, kofia mkononi, anatazama barabara ya Kakuma. Nilifikiri amechoka.

Ndiyo maana Jumamosi iliyopita, nikielekea matangani, bado sikuwa nimeijibu barua ya chuo. Ua wa Mama Furaha ni ule ule, mihogo ni ile ile, au watoto wa ile. Tangu Alhamisi ile miaka mingi imepita, nimesomea kazi, nimewafundisha wengine, nina kikosi changu na ovaroli mbili zenye jina langu, na Byamungu alibaki kambini miaka hiyo yote. Nilimtembelea mara nyingi. Nilimuuliza mara moja tu kwa nini majina ya wenziwe yalitoka na lake halikutoka. Aliniambia mambo ya Mungu yana foleni yake, akabadilisha mazungumzo akaniuliza habari za pampu.

Waombolezaji walipopungua Mama Furaha alinivuta pembeni, tukakaa kwenye mkeka. Amezeeka, macho yana ukungu. "Akai," akasema, "kuna kintu alinikataza nikuambie. Sasa hayuko, hatanikataza tena. Ile siku mulipandisha mabomba. Ile Alhamisi. Jina yetu ilikuwa ku ubao. Saa tatu ya asubuhi, sote, baba na mama na mutoto, tuende kuulizwa mambo ya safari." Nikamuuliza kama alijua. "Alijua. Alisoma na macho yake Jumatano. Akasema lori inaenda kesho, na ndoana iko tayari, na weye, mutoto wa bantu, iko unakufa na ile kisima moyoni. Akasema batatuita tena." Alikung'uta sketi yake ijapokuwa haikuwa na kitu. "Basema mungoje. Tukangoja."

Nikakumbuka alivyokuwa anatazama barabara siku ile, kofia mkononi. "Nilikuchukia miaka mingi," Mama Furaha akasema, bila hasira, kama mtu anayetaja umri wake. "Ulikuwa unakuya hapa na sukari na ovaroli yako, unacheka, na miye ninakupikia sombe na ninakuchukia." Nikamuuliza, na sasa? "Sasa nimechoka." Kisha akasema, "Yeye hakujuta hata siku moja. Nilimuuliza mpaka juzi kitandani. Miye njo nilijuta ku nafasi yake."

Akaninyooshea mkono. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi, nikakiweka chini, kikapinduka, sikukitazama. Niliushika mkono wake kwa mikono yangu miwili, na sikuuachilia.